Mathenge ni wetu, je spiriti yake ataichunga nani?

Wiki jana nilikuwa Nyeri kumjulia hali rafiki, na njiani tukanywa chai Karatina. Maneno yakaangukia bioethanoli, ile spiriti ya kupikia. Nikawaambia kwetu Pwani kuna watu wanataka kuitengeneza kwa mathenge, mti uliomeza malisho ya Garsen na Hola. Mzee mmoja akacheka sana. Kwao Mathenge ni jina la mwanamume.

Lakini mti huo haukutoka Nyeri. Mbegu za kwanza zinazojulikana zililetwa Bamburi, papa hapa Mombasa, mwaka 1973, kutoka Brazil na Hawaii, kufufua machimbo ya mawe. Miaka ya themanini ukapandwa Bura na Baringo ili watu wapate kuni. Yaliyofuata, muulize mfugaji. Baringo walimpeleka mbuzi asiye na meno mpaka mahakamani!

Kutoa spiriti humo kunawezekana. Gogo lina kazi: lisagwe, livunjwe kwa asidi au vimeng'enya mpaka litoe sukari, ndipo hamira ifanye kazi. Na miiba ile, nani atakata kwa bei rahisi? Maganda ni mepesi zaidi, yana sukari tayari. Tena mifugo ndiyo inayosambaza mbegu kwa kinyesi baada ya kula maganda, basi kila gunia litakalookotwa mapema ni miti iliyopungua. Hapo naunga mkono kabisa, mradi mama wa Tana River alipwe kwa kilo na si kwa ahadi.

Yule mzee alipoacha kucheka alinitajia Kangai, kule Kirinyaga. Si mbali na tulipokuwa. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa huko kwa pombe haramu. "Nyinyi mnataka kupika spiriti nyingi hivyo," akaniuliza, "mlango wa stoo atashika nani?"

Spiriti ya jiko hutiwa dawa chungu na rangi isinyweke. Mwenye tamaa hajali, ataiuza hivyo hivyo, au achanganye na methanoli inayopofusha macho na kuua. Hukumu ya kuipikia tuwaachie masheikh wetu. Langu ni hili: kabla jiwe la msingi halijawekwa, kaunti ituonyeshe daftari la kila lita itakayotoka kiwandani, limeandikwa na nani, na nani atalikagua. Vijana wa Garsen wana shida za kutosha.