Saa Kumi na Mbili Tulizonyang'anywa

Kila Januari, hapa Mwembesongo, alfajiri milima ya Uluguru ikiwa bado ndani ya ukungu, makundi ya watu hukimbia kandokando ya barabara kabla bodaboda hazijaitawala. Kufikia Machi hubaki wawili au watatu. Ndipo wahubiri wa nidhamu binafsi hutoa hukumu yao ya kila mwaka: Watanzania ni wavivu, hatuna msimamo, tumelewa simu.

Naipinga hukumu hiyo. Mtumishi aliyetakiwa saa nne usiku, kupitia kundi la WhatsApp la ofisi, awasilishe takwimu "kabla ya kulala," hataamka saa kumi na moja kwenda kukimbia. Asipoamka tunamwita mvivu, ilhali muda wake wa kulala umechukuliwa na mtu mwingine, tena bila malipo.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, pamoja na saa 24 kila wiki. Ukiondoa wasimamizi fulani waliowekwa kando na sheria yenyewe, hii ni haki, si hisani. Sasa tupige hesabu. Kutoka saa nne usiku hadi saa moja na nusu asubuhi, ofisi inapofunguliwa, ni saa 9 na dakika 30. Ujumbe mmoja wa bosi umeivunja sheria, na hakuna aliyeshtuka.

Dola yenyewe inajua kwamba afya inahitaji muda. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, ili kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Lilikuwa agizo jema. Lakini Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Jumamosi moja ya kupiga picha tukiwa na fulana mpya haiwezi kufidia siku nyingine zote za mwezi ambazo jioni zetu si mali yetu.

Wapo watakaosema kwamba utumishi wa umma ni wito. Ni kweli, na dharura ina heshima yake: muuguzi huitwa usiku, zimamoto huitwa usiku. Lakini jedwali la mahudhurio ya semina si moto. Tukigeuza kila jambo kuwa dharura, tunaficha uzembe wa kupanga kazi kwa kuwabebesha walio chini yetu gharama yake.

Wenzetu wamekwisha kulitambua hili. Ufaransa, tangu Januari 2017, inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya kazi. Nchini Kenya, muswada wenye lengo hilo uliwasilishwa katika Seneti mwaka 2022. Sisi tunayo tayari saa 12 katika sheria yetu. Kilichobaki ni vyama vya wafanyakazi kuzidai mezani, kama vinavyodai nyongeza ya mishahara.

Nami si msafi. Nimewahi kuwatumia wanafunzi wangu kazi saa tano usiku, kisha asubuhi nikawashangaa wakisinzia darasani. Wao hawalindwi na kifungu cha 24, na ndiyo maana kosa langu ni kubwa zaidi. Kuanzia juma hili, baada ya saa kumi na mbili jioni, hawatapata ujumbe wowote wa kazi kutoka kwangu.

Ndugu msomaji mwenye mamlaka juu ya mtu hata mmoja, kabla hujamhimiza akimbie alfajiri, mrudishie usiku wake.