Jahazi la Plastiki si Mchezo

Wako wanaosema kwamba lile jahazi la Flipflopi, lililoteremshwa majini huko Lamu Septemba 2018, ni mchezo wa kuwafurahisha watalii. Mimi nawakatalia. Chombo kile chenye urefu wa mita tisa kiliundwa kwa takataka za plastiki zipatazo tani 10, kikavikwa ndara kuukuu zipatazo 30,000 za rangi za kila namna, na mapema mwaka 2019 kikasafiri kilomita 500 kutoka Lamu hadi Unguja. Mchezo gani huo?

Rangi zile hupendeza macho, lakini kilichonivutia mimi ni kazi ya fundi. Bwana Ali Skanda, fundi mkuu wa chombo hicho, alizoea mbao ambazo mkono wake wazijua: hii itapindika, hii itapasuka. Plastiki haina nyuzi kama mti. Ikipigwa na jua hutanuka kupita mbao, na ikibebeshwa mzigo siku nyingi hulegea kidogo kidogo. Na mkuku na mataruma ya jahazi hayataki kulegea!

Hapo ndipo ninapowageukia wasomi wetu wa vyuo vikuu. Plastiki iliyoyeyushwa ikichanganywa na unga wa mbao au nyuzi za katani hukakamaa zaidi. Katani twailima wenyewe, Taita na Kilifi. Lakini kazi hii si kukoroga uji. Nyuzi sharti zikaushwe barabara, la sivyo maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuacha mapovu ndani. Joto likipita digrii 200 huanza kuungua. Tena plastiki na katani hazishikani vyema mpaka itiwe dawa ya kuziunganisha.

Mhandisi anazo hesabu za hayo yote. Lakini ni fundi wa Lamu ajuaye wimbi hulipiga jahazi wapi, na taruma lipi hubeba uzito wote. Kwa hiyo sikubali fundi aitwe siku ya kupigwa picha tu. Na akae na wahandisi tangu siku ya kwanza, alipwe ada kama wao, na jina lake liandikwe penye uvumbuzi huo. Mali ghafi ipo tele: ijapokuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, chupa na ndara zingali zaletwa ufuoni na maji. Vijana wanaojifunza uundaji wapewe mbao hizo mpya wazikate na kuzitoboa wenyewe, wasiishie kusimuliwa.