"Kapange Nkome, huko rahisi." Rahisi kwa nani?

Kuna jibu moja nimechoka kulisikia. Ukilalamika kwamba vyumba Geita mjini havishikiki, mtu anakurukia: "Si utoke nje ya mji? Nenda Nzera, nenda Nkome, kodi ya huko ni ya kutupa." Na ukimchunguza huyo mshauri, aghalabu yuko kwake, au kwa baba yake, au kwenye nyumba ya kampuni.

Wadau, sina ugomvi na Nkome. Upepo wa ziwa upo, sangara na dagaa wapo, na wenyeji ni wakarimu. Ugomvi wangu ni na hilo neno "rahisi".

Bei za mjini zina historia yake. Mgodi wa GGM ulianza uzalishaji mwaka 2000. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa, na mkoa ni maofisi, na maofisi ni watu wanaotaka pa kulala. Mwenye nyumba naye si mjinga: akishapata mpangaji mmoja wa mgodini, anadhani na karani ana mshahara wa mgodini. Basi kijana anaanza kusogea pembeni kwa kuifuata barabara ya Nzera, hadi anajikuta mwaloni.

Haya, kalamu na karatasi. Takwimu hizi ni za mfano, weka za kwako ukitaka. Tuseme chumba na sebule mjini ni 100,000 kwa mwezi, na Nkome ni 50,000. Umeokoa 50,000, hongera. Sasa kazi yako iko mjini. Nauli iwe 3,000 kwenda na 3,000 kurudi, siku 22 za kazi: 132,000. Ile 50,000 imeshaliwa na nyingine 82,000 juu yake! Utaniambia wewe unaishia Nzera, nauli ni nusu. Sawa, 66,000. Bado umepoteza 16,000, na sijagusa bodaboda ya usiku siku ambayo bosi amekuchelewesha na Hiace ya mwisho imeondoka. Sijagusa pia yale masaa. Mtu anayekaa saa tatu barabarani kila siku anatumia saa 66 kwa mwezi akiwa amebanwa kwenye kiti, goti la mwenzake mgongoni. Hakuna anayeziandika kwenye mkataba wa pango, lakini ni zake na zimekwenda.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote si nauli. Ni miezi sita.

Chumba ni 50,000 kwa mwezi, lakini hakuna anayekuuzia mwezi. Unauziwa nusu mwaka: 300,000 mkononi, pamoja na mwezi mmoja wa dalali, ambaye kazi yake ilikuwa kukuonyesha mlango. Jumla 350,000 kabla godoro halijaingia. Mwajiriwa mpya anaitoa wapi? Anakopa mtaani. Akikopeshwa kwa riba ya asilimia 20 akalipa ndani ya mwezi, ameongeza 70,000. Jumla 420,000, gawanya kwa sita: 70,000 kwa mwezi. Chumba cha 50,000 hakijawahi kuwa cha 50,000.

Mwenye nyumba ana utetezi wake, na si wa kipuuzi. Wavuvi wanahamahama. Samaki wakipungua hapa, mtu anafunga virago usiku anakwenda kisiwa kingine, na deni lake linabaki ukutani. Naelewa. Ila hebu tuuangalie mfuko wa huyo mvuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka kazi inalala, na pesa inalala nayo. Mtu wa namna hiyo anaweza kukulipa kwa giza, giza baada ya giza. Kumdai miezi sita kwa mkupuo ni kumwambia kwamba chumba hiki ni cha mwenye mtumbwi, si cha anayepanda mtumbwi wa mwenzake. Na mwalimu anayelipwa kila mwisho wa mwezi, naye amehama kwenda kisiwa gani?

Niliwahi kumwomba mwenye nyumba wangu mmoja nilipe kila baada ya miezi mitatu. Akacheka kwa upole kabisa. "Kijana, nyumba ziko nyingi."

Kauli hiyo ina nguvu kwa sababu nyuma ya mpangaji hakuna mtu. Tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005. Nakubali, ilikuwa imezeeka. Lakini ilipoondolewa, mpangaji wa kawaida aliachiwa mkataba tu, na mkataba wenyewe mara nyingi ni karatasi ya daftari ambayo mwenye nyumba ndiye kaiandika. Uganda walipitisha sheria yao ya wapangaji mwaka 2022, na pango haliruhusiwi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Nairobi desturi ni mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja. Wenye nyumba wa Nairobi hawajafa njaa.

Sisi tulichokumbuka ni LUKU. Kodi ya majengo, ambayo ni ya mwenye jengo, iliingizwa kwenye mita Agosti 2021: 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa kuwa 1,500 mwaka 2023. Anayenunua umeme ni nani? Tuliambiwa mpangaji akubaliane na mwenye nyumba wake, akatwe kwenye pango. Jamani! Nyumba ina mita moja na wapangaji sita, wanagombana kila wiki nani ana friji na nani ana balbu moja, halafu mmoja wao aende akadai 1,500 kwa mtu anayejua kwamba nyumba ziko nyingi?

Ninachodai si kikubwa. Pango lisizidi miezi mitatu kwa mkupuo, risiti itolewe, na dalali alipwe na aliyemtuma kutafuta mpangaji.

Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, na kivuko hakimsubirishi mtu tena. Nina hakika wale washauri wetu wameshapata ushauri mpya: fanya kazi Mwanza, kapange Sengerema, huko rahisi. Akikuambia hivyo, muulize nauli ni shilingi ngapi, na wanataka miezi mingapi.