Ujira wa Kibarua Usisubiri Mnada

Leo tunapenda kuzungumzia ajira za msimu wa kiangazi katika ukanda wa Mtwara, na hasa kule Kilambo na vijiji jirani, karibu na Mto Ruvuma unapoingia baharini.

Mvua zikishakatika, huko ndiko kunakoanza pilikapilika za kutafuta na kutoa kazi. Mikorosho hupaliliwa, kisha hupulizwa salfa kukinga ubwiriunga. Pwani, mashamba ya chumvi huhitaji mikono maadamu jua ni kali. Na ifikapo Septemba na Oktoba korosho huanza kudondoka, na kila mwenye shamba huhitaji watu wa kuokota. Vijana waliomaliza shule hujitokeza, kina mama hujitokeza, na kwa kivuko au kwa mitumbwi huja jamaa zetu wa upande wa Msumbiji, kwani Mmakonde wa ng'ambo na wa huku ni watu wa ukoo mmoja waliogawanywa na maji tu.

Kazi hizi hupatikana kwa neno la mdomo. Tatizo letu si hilo, kwani mikataba ya wazee wetu ilikuwa ya mdomo na ikatimizwa. Tatizo ni neno moja ambalo limekuwa mazoea: "Tutalipana tukishauza."

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika mkoani Mtwara mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho zake chama cha msingi, hupewa stakabadhi, mzigo huenda ghala kuu, husubiri mnada, mnunuzi hulipa, makato hukatwa, ndipo fedha huingia benki. Hatusemi mfumo huu ni mbaya. Umempa mkulima bei ambayo mlanguzi wa kangomba hakuwa tayari kumpa. Katika msimu wa 2024/2025, minada ilipoendeshwa kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Lakini tutazame msururu huo wote tuulize: kibarua yuko wapi? Mkulima ana stakabadhi mkononi. Kibarua aliyeinama wiki tatu chini ya mikorosho hana hata kikaratasi. Bei ikipanda ujira wake haupandi, na malipo yakichelewa yeye ndiye wa mwisho kukumbukwa.

Wengi hawajasahau msimu wa 2018. Novemba mwaka huo wanunuzi walipogomea bei, Rais John Magufuli aliagiza serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzisomba. Kisha ukaja uhakiki, na wapo wakulima waliosubiri malipo yao hadi ndani ya mwaka 2019. Kilio cha wakulima kilifika bungeni. Cha vibarua wao kilifika wapi?

Sasa, tuwe waadilifu. Mkulima mdogo mwenye ekari tatu, asiye na senti mfukoni mwezi wa Oktoba, si dhalimu kwa sababu tu hana fedha. Dhuluma huanza pale anapolijua hilo na akanyamaza, kibarua akafanya kazi akidhani atalipwa Jumamosi. Mtume (S.A.W.) ametuagiza tumpe mfanyakazi haki yake kabla jasho lake halijakauka, na katika Hadithi Qudsi iliyopokewa na Bukhari, aliyemtumikisha mtu akatimiziwa kazi kisha asimlipe ametajwa miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiama.

Tuna mfano bora katika Suratul Qasas. Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan akiwa mkimbizi, mgeni, hana kitu. Mzee wa Madyan, ambaye wafasiri wengi husema ni Nabii Shuaib (A.S.), hakuitumia shida ile kumnyonya. Alitaja kazi, akataja muda wa miaka minane, akabainisha kuwa miwili ya kukamilisha kumi ni hiari ya Musa, na akasema hakusudii kumtaabisha. Yote hayo yalisemwa kabla kazi haijaanza.

Tumeutaja mfano huu makusudi, kwa sababu ya wageni wetu wa kule Ruvuma. Tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze mwaka 2017, na hasa baada ya kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kushambuliwa Oktoba 2020, mtu wa ng'ambo hutazamwa kwa shaka. Usalama ni haki ya wote, na sheria za uhamiaji na vibali vya kazi lazima zifuatwe, tena kabla ya kumpa mtu jembe. Lakini kumfanyisha mtu kazi mwezi mzima, kisha akidai umtishie kumwita ofisa uhamiaji, huo ni wizi. Kukosa kibali hakufuti deni la kazi iliyokwisha kufanyika.

Aidha, wapo wanaowatoa watoto darasani kwenda kuokota. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na wa umri huo huruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomzuia kusoma.

Basi tunashauri hivi. Mwenye shamba asiye na fedha aseme mapema, na kibarua achague. Akikubali kusubiri, hilo limekuwa deni, na Qur'ani katika Suratul Baqara imetuelekeza kuandika madeni ya muda na kuweka mashahidi. Daftari la shilingi mia chache linatosha, kila mmoja na nakala yake, lenye idadi ya siku, kiwango na tarehe ya mwisho ya kulipa hata kama mnada haujafanyika. Sehemu ya ujira, walau ya chakula, itolewe taslimu kila wiki. Na vyama vya msingi, ambavyo tayari vina mizani, karani na orodha ya wakulima, vifungue ukurasa mmoja wa vibarua wanaodai, ili fedha za mnada zikiingia karani amkumbushe mkulima kabla hajaelekea dukani kununua bati. Maimamu wa Kilambo na vijiji vya jirani wanaweza kulifikisha jambo hili kwa viongozi wa vyama kabla kuokota hakujaanza, kwani safu za mbele msikitini mara nyingi ni za watu hao hao.