Vita dhidi ya malaria Bungoma vyategemea punje za dhahabu

TANGU Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni Januari 2025, swali ambalo limetawala mjadala wa malaria ni nani atakayenunua vifaa vya kupima ugonjwa huo. Swali la pili halijapewa uzito unaostahili: vifaa hivyo vitahifadhiwa vipi vikishafika vijijini?

Katika maeneo kama Lugulu, Kaunti ya Bungoma, mhudumu wa afya ya jamii humdunga mgonjwa kidoleni, na baada ya dakika 15 au 20 mstari mwekundu huamua iwapo atapewa dawa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuugua malaria apimwe kwanza.

Wekundu huo si wa damu wala wino. Ni dhahabu. Madini hayo yakiwa katika punje za takriban nanomita 40, yaani chembe zisizoonekana kwa macho, elektroni zake humeza mwanga wa kijani na jicho likabaki kuona wekundu. Mwanasayansi Michael Faraday alieleza habari za rangi hiyo jijini London mwaka 1857. Kinaya ni kwamba Kakamega, jirani ya Bungoma, dhahabu ilichimbwa kwa pupa miaka ya 1930, ilhali hii ya kupimia malaria hufika ikiwa ndani ya vifaa kutoka viwanda vya mbali kama vile vya India.

Punje hizo zikiwa tupu, chumvi huzifanya zigandamane na wekundu kugeuka zambarau. Ndiposa huvikwa kingamwili, ambazo pia hunasa protini ya vimelea kwenye utando mwembamba wa nitroselulosi. Udhaifu umo katika vazi hilo. Dhahabu haiozi, lakini kingamwili huharibiwa na joto, na vifaa vingi havifai kuwekwa mahali penye zaidi ya nyuzi 30 au 40, kutegemea aina. Sanduku likishinda chini ya bati lisilo na dari, mtoto mwenye vimelea anaweza kuambiwa hana. Mstari wa pili, ule wa kuthibitisha kuwa kipimo kimefanya kazi, hauondoi hatari hiyo kwani hutegemea kingamwili tofauti.

Mzazi aliyepotoshwa hivyo mara moja hataona haja ya kupima tena. Ataenda moja kwa moja dukani kununua dawa.

Huduma za afya ziligatuliwa mwaka 2013. Kuweka kipimajoto na kivuli katika kila stoo ya zahanati ni jukumu la kaunti, na halihitaji kusubiri mfadhili.