Kiswahili Wodini: Kivutio Kilichosahaulika cha Vyuo vya Udaktari

Wahenga walilonga kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Je, yule asiyeyaficha, ila akayaeleza kwa lugha asiyoifahamu tabibu, atafichuliwa na nini? Swali hili lastahili kuulizwa kila inapojadiliwa sababu ya wanafunzi kuvuka mipaka ya Afrika Mashariki kwenda kusomea udaktari.

Sababu zinazotajwa aghalabu ni tatu. Mosi, wanaotamani udaktari nchini Kenya ni wengi kuliko nafasi zilizopo. Pili, shahada hiyo huchukua miaka 6 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ilhali Uganda na Tanzania huchukua 5. Mwaka mmoja wa karo na malazi si haba. Tatu, kuna sifa ya mahali. Makerere ilianza kufundisha udaktari mwaka 1924, miaka 43 kabla ya Nairobi, na kwa muda mrefu ndiko walikopelekwa vijana wa Kenya na Tanganyika.

Sababu hizi ni za kweli. Hata hivyo, zote humfikisha mwanafunzi langoni tu mwa chuo. Baadaye huingia wodini, na huko hukabiliwa na suala la lugha.

Nchini Tanzania mihadhara ya udaktari hutolewa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa huzungumza Kiswahili. Mwanafunzi atokaye Mombasa au Bukavu hahitaji mkalimani ili aulize maumivu yalianza lini. Mwenzake aliyekwenda Ishaka, magharibi mwa Uganda, huwakuta wagonjwa wasemao Kirunyankore, akalazimika kumtegemea muuguzi au mwanafunzi mwenyeji.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Kiswahili cha sokoni kinatosha. Litazamwe neno degedege. Mtoto mwenye homa kali anapokakamaa na kutetemeka, mama husema ana degedege. Mara nyingi chanzo huwa malaria kali. Lakini katika sehemu nyingi za Tanzania ugonjwa huo umehusishwa na ndege au pepo, ukatengwa na malaria, na mtoto akapelekwa kwa mganga kwanza. Mwanafunzi anayelijua neno kwa maana ya kamusi pekee ataitambua dalili, lakini hatajua kwa nini mtoto alicheleweshwa, wala jinsi ya kuzungumza na mama huyo asicheleweshe mwingine.

Wapo watakaodai kuwa Kiingereza ndicho lugha ya tiba. Dai hilo lina ukweli kuhusu vitabu na mitihani. Halina ukweli kuhusu mama aliyepakata mtoto wake.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini mwaka 1999, unataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Idara za Kiswahili zina njia ya kulitekeleza hilo: ziandae, pamoja na vitivo vya udaktari, kozi ya Kiswahili cha tiba kwa wanafunzi wa kigeni, ifundishwe kabla hawajaingia wodini. Kozi hiyo ikusanye maneno ya wagonjwa wenyewe, kama vile chango, safura na kichomi, pamoja na imani na adabu zinazoyazunguka.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaosaka mada za tasnifu wasiangalie mbali. Hospitalini kuna msamiati unaosubiri mtafiti, na wagonjwa wanaosubiri kueleweka.