Wingu si Mvua

Ukisimama stesheni ya Mkumbara na kutazama juu, utaona Usambara imevaa ukungu, na miguuni pako mkonge umesimama katika vumbi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walishusha magogo ya mierezi kutoka Shume hadi hapa kwa njia ya kamba za chuma zilizopita hewani. Ni mwendo mfupi, lakini ni nchi mbili.

Vuli ya mwaka 2022, sisi tuliokata bima ya mazao tulijiwa na bwana mmoja mwenye karatasi ya rangi. Alisema eneo letu limepata mvua ya kutosha, kwa hiyo hakuna fidia. Mahindi yangu yalifika magotini, majani yamejisokota kama sigara. Nikamwuliza, nani aliyeipima mvua hiyo? Akanyoosha kidole juu.

Msomaji, huko juu hakuna aliyeipima. Setilaiti za Meteosat, zilizoanza kurushwa mwaka 1977, hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Zinachopokea ni joto la kilele cha wingu. Wingu la radi hupanda sana na kilele chake hupoa. Basi wataalamu huhesabu saa za ubaridi huo na kuzigeuza milimita. Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, kinaifanya kazi hiyo kwa ajili ya Afrika tangu miaka ya 1970, nami siidharau, maana ukame wa nchi nzima huonekana hivyo mapema.

Lakini wingu la radi likifa huacha utando mpana wa barafu, baridi sana, usiotoa tone. Upepo huusukuma juu ya mashamba yetu, nasi tunaandikiwa mvua. Mlimani nako mawingu mafupi yenye vilele vya vuguvugu hunyesha, na setilaiti isijue.

Wataniambia habari za TRMM, iliyorushwa mwaka 1997 na rada yake, na GPM iliyoifuata mwaka 2014. Kweli, TRMM iliiona mvua yenyewe hadi mwaka 2015, na GPM huiona, ila setilaiti za namna hiyo hupita na kwenda zao. Mvua ya Mkumbara haingoji zamu.

Kinachoniudhi ni hoja kwamba picha zikiwapo, vipima mvua havihitajiki. Hesabu za picha zenyewe husahihishwa kwa vipima mvua vya ardhini! Tukiviacha vioze, nani atazisahihisha? Ni mkebe na chupa, na mtu wa kuisoma saa tatu asubuhi. Alipwe posho mwalimu wa shule ya msingi. Na yule bwana wa bima akirudi, aanze kwa kuitazama chupa.